Bia ya Kubana Matumizi

Jumatatu, tarehe 2 Juni

Mama Watoto ameacha kazi. Miaka yote amewashonea wengine kwenye kiwanda cha nguo. Sasa amekodi chumba chenye dirisha kubwa linalotazama barabara, ameweka cherehani mbili, na atafungua duka lake Jumamosi ya tarehe 28. Wageni si wengi ila wamechaguliwa. Mkubwa wao ni Mwalimu Mkuu wa shule ya jirani, mama mmoja mwenye miwani ya mnyororo, anayetafuta fundi wa kushona sare za shule nzima. Mama Watoto akiipata kazi hiyo, duka limesimama. Akiikosa, atarudi kiwandani kumpigia magoti msimamizi wake wa zamani. Kaniambia hivyo mwenyewe leo asubuhi, ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili.

Kila mtu kapewa jukumu. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, chakula. Kaka wa Mama Watoto, viti na muziki. Mimi, vinywaji. Hela ya vinywaji nimekabidhiwa kwenye bahasha mbele ya huyo kaka yake, naye akaitazama bahasha kama mtu anayeaga mgonjwa mahututi.

Huyu kaka yake mimi namwita Risiti. Si mbele yake. Kila anachonunua anatunza risiti yake, na kila risiti lazima uione. Aliniuliza kwa upole kama nitahitaji mtu wa kwenda naye dukani. Kwa upole! Nikamwambia shemeji asijisumbue.

Wazo limenijia nikiwa naoga. Bia ni nini hasa? Maji, nafaka, uchungu kidogo, hamira. Maji yanatoka bombani. Nitaitengeneza mwenyewe hapa nyumbani kwa robo ya gharama, na siku ya sherehe nitamrudishia Mama Watoto robo tatu ya bahasha yake, mbele ya Risiti. Tangu tuoane sijawahi kurudisha chenji. Wote wawili wanalijua hilo. Nataka nione watakavyokosa la kusema.

Jumanne, tarehe 3 Juni

Nimetoka kazini mapema. Mimi ni mtunza stoo kwenye kiwanda cha sabuni ya maji, na stoo haikimbii. Nikaenda kwa yule bwana anayeuza vifaa vya kutengenezea bia nyumbani. Duka lake liko nyuma ya kinyozi. Mtu wa maneno mengi. Alisema bia nzuri inataka mwezi mzima na zaidi, na kwamba mtu mgeni aanze na ndoo moja ndogo ajifunze. Nikamwambia sikuja shule.

Akanionyesha mfuko wa kimea, yaani shayiri iliyooteshwa ikakaushwa, tayari imeshasagwa. Nikauliza bei. Kisha nikauliza bei ya gunia zima, halijasagwa. Kwa kilo, gunia ni karibu nusu. Nusu! Akasema kwa wageni wangu sihitaji hata robo ya gunia. Ndiyo maana mpaka leo yuko nyuma ya kinyozi. Nimechukua gunia.

Hopsi, yale maua makavu yanayotia bia uchungu, alikuwa nayo ya aina mbili. Ya kijani, yamo kwenye friji. Ya manjano, yamo kwenye mfuko juu ya kabati na yananuka soksi. Haya ya soksi alikuwa anayatupa. Nikamwambia aniuzie kwa bei ya kutupa. Hamira yake ya bia nimeikataa kabisa. Hamira ipo nyumbani, kwenye kopo la mama mkwe, anaitumia kwa mkate. Hamira ni hamira.

Nimepiga hesabu njiani, nikitembea nyuma ya mkokoteni uliobeba gunia. Kwa ununuzi huu mmoja nimeokoa kuliko nilivyowahi kuokoa mwaka mzima. Bahasha imebaki nyembamba, lakini ndivyo kila mradi unavyoanza.

Alhamisi, tarehe 5 Juni

Nimepata pipa. Bure kabisa. Kazini tuna mapipa ya plastiki ya sabuni ya mikono, ile ya harufu ya waridi, na moja lilikuwa limepasuka mkono likawekwa pembeni litupwe. Nikamwomba msimamizi. Akasema chukua, ila akataka kujua la nini. Nikasema maji.

Kwetu kiwandani pipa likitoka sabuni hii kwenda sabuni ile tunalisuuza mara moja, tunalipindua, basi. Ndiyo kazi ilivyo na haijamdhuru mtu. Msimamizi mwenyewe husema pipa la sabuni halioshwi, maana utaliosha kwa nini? Nimelisuuza mara moja. Nimelipindua.

Yule bwana wa duka alitaka pia kuniuzia dawa ya kusafishia vyombo. Alisema usafi wa chombo ndio kila kitu, bia nyingi zinaharibikia hapo. Nilicheka moyoni. Katika watengeneza bia wote wa mji huu, nani ana chombo safi kuliko changu? Kimekaa na sabuni ndani miaka miwili.

Niliporudi Risiti alikuwa sebuleni. Akanitazama nikipita na pipa. Akauliza kama nyumba ina tatizo la maji. Nikasema haina. Akasema sawa, kwa ile sauti yake.

Jumamosi, tarehe 7 Juni

Mama Watoto ameshinda dukani kwake anapaka rangi. Mama mkwe chumbani na redio yake. Nikapata nafasi.

Kimea ambacho hakijasagwa lazima kisagwe. Nimetumia blenda. Blenda imesaga vikombe vinne, ikanguruma, ikatoa moshi mwembamba, ikanyamaza. Kilichobaki nimekitia kwenye foronya nikakiponda kwa nyundo. Foronya ilikuwa zawadi ya harusi yetu. Ilishaanza kuchakaa.

Nikaloweka kimea kwenye maji ya moto, nikachuja kwa pazia la zamani, nikachemsha na yale maua. Nyumba nzima ikanuka soksi za kuchemsha. Mama mkwe akatoka chumbani. Akasimama mlangoni, akaitazama blenda, akaitazama foronya, akaniuliza mkwe wangu, kuna mgonjwa? Nikamweleza ukweli. Yule mama huwezi kumdanganya, anakusubiri tu mpaka useme. Nikamwomba iwe siri yetu mpaka siku yenyewe. Akasema yeye hawekeani siri na mtu, ila magoti yanamuuma na hana nguvu za kubishana. Kisha akauliza kopo lake la hamira liko wapi.

Gesi imeisha katikati ya kuchemsha. Mtungi mpya umetoka kwenye bahasha. Blenda mpya nayo itatoka humo humo. Hizi lakini si gharama za bia. Ni gharama za jikoni, zingetokea tu siku yoyote.

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Povu! Yule bwana alisema nisiinue kifuniko hovyo, lakini pipa ni langu. Nimeinua asubuhi nikakuta povu jeupe limejaa mpaka mdomoni, zito, linang'aa. Kila niliyemsikia anasema povu ndiyo dalili ya bia yenye afya. Basi yangu haina ugonjwa wowote. Nimelichota kwa sufuria, likarudi. Nimelichota tena, likarudi tena. Ukilitazama kwa pembeni lina rangi rangi za upinde wa mvua. Sijui hizo zinatoka wapi. Nadhani ni ubora.

Pipa liko bafuni, nyuma ya pazia. Mama Watoto ameuliza nani amenunua sabuni mpya, bafu linanukia vizuri. Nikajitia hamnazo. Kisha akauliza kuhusu pipa. Nikasema ni la akiba ya maji, yakikatika tusihangaike, ila asilifungue lisiingie vumbi. Akasema hilo ni wazo zuri. Hajawahi kuniambia hivyo mwaka huu. Nilikwenda kukaa nyuma ya nyumba kwa muda.

Jumapili, tarehe 15 Juni

Chupa. Hakuna mtu aliyenitahadharisha kuhusu chupa.

Yule bwana wa duka anauza chupa tupu kwa bei ya kumuua mtu. Mwenye baa ya kona hauzi chupa tupu hata ukimlilia. Anauza kreti zilizojaa, na mwezi huu kuna ofa: kreti iliyojaa bia ni rahisi kuliko chupa tupu za yule bwana. Nimerudia hesabu mara mbili. Ni kweli. Soko limepinda, na si mimi niliyelipinda. Nimenunua kreti za bia ili nipate chupa.

Tatizo, zimejaa. Kuzinywa zote siwezi. Kumpa Risiti sitaki. Nimezibeba mpaka bafuni, nikazifungua moja moja, nikaanza kumwaga. Kuna kazi za kuvunja moyo na hii ni mojawapo. Mama mkwe akapita na ndoo yake ya nguo. Akauliza kwa nini namwaga bia. Nikamwambia nahitaji chupa. Akauliza chupa za kuwekea nini. Nikasema bia. Akanitazama nikifungua nyingine mbili. Kisha akaniomba nisubiri kidogo, akaenda akarudi na jagi. Akalijaza, akaondoka nalo chumbani kwenye redio yake.

Nimejaza chupa zote kutoka kwenye pipa. Kila chupa inatiwa sukari kidogo ili bia ipate gesi. Yule bwana alisema kijiko cha chai, tena kisijae. Mimi nimetia kijiko cha mezani kwa kuwa muda wenyewe ni mfupi. Mashine ya kubania vizibo nimekodi kwake, akanitazama kwa huruma ambayo sikuiomba. Lebo za chupa nimeziacha. Mgeni akiona lebo anayoijua moyo wake unatulia.

Bahasha imebaki na sarafu. Sijali. Hesabu ya mradi haipigwi katikati ya mradi.

Jumapili, tarehe 22 Juni

Nimeonja. Hapa naandika ukweli kwa kuwa hakuna anayesoma.

Mwanzo ni tamu. Katikati kuna uchachu wa mkate uliosahauliwa. Mwisho ni waridi. Na waridi haliondoki. Nimekula chakula cha jioni chenye ladha ya waridi, nikapiga mswaki, mswaki ukawa waridi. Tumbo limenguruma kidogo, lakini tumbo langu hunguruma hata kwa maji. Kuna watu wanalipa fedha nyingi kunywa kitu chenye ladha ya maua. Ikipozwa vizuri itapita.

Jioni Mama Watoto alirudi na furaha ambayo sijaiona siku nyingi. Mwalimu Mkuu alipita dukani kuangalia sare za mfano, shati jeupe na sketi ya buluu. Alizipindua nje ndani, akapitisha kidole kwenye mshono, akatabasamu. Yule mama hatabasamu ovyo. Mama Watoto alinisimulia mara mbili, na mara ya pili akaigiza hata kile kidole. Kisha akaniuliza kama vinywaji viko sawa. Nikasema viko sawa. Akasema ananiamini. Akarudia tena, taratibu, kama anajiambia mwenyewe.

Moyo uliniuma kidogo. Labda ni lile waridi.

Ijumaa, tarehe 27 Juni

Risiti kanipigia simu kazini. Kasema amepata kreti mbili za bia kwa bei nzuri, risiti anayo, na angependa kuzileta kesho zikae tu pembeni, endapo. Nikamuuliza endapo nini. Akasema endapo tu, shemeji. Endapo!

Nikamwambia akizileta mimi sihudhurii, na amweleze dada yake sababu. Akasema sawa, kesho ni siku ya dada yake, hataki ugomvi, kreti zitabaki nyumbani kwake. Nilimshukuru kwa kujua mipaka.

Hii ndiyo tabia yake. Anakusaidia mpaka unajiona mtoto. Siku ya harusi yetu alikuja na gari la akiba, nalo likahitajika, na hajaacha kulitaja mpaka leo. Kesho hakutahitajika gari la akiba.

Jumamosi, tarehe 28 Juni

Naandika nikiwa jikoni. Nimeoga na bado nanuka waridi.

Duka lilikuwa linapendeza, siwezi kukataa. Kuta nyeupe, cherehani zimefutwa zinang'aa, zile sare za mfano zimevalishwa kwenye sanamu dirishani. Meza yangu ya vinywaji niliiweka hapo hapo dirishani. Jua lilikuwa linaipiga, lakini barafu haikuwa kwenye bajeti na sehemu nyingine zote Risiti alizijaza viti. Kama kuna mtu wa kulaumiwa kuhusu jua, tuanzie na viti.

Wateja wake wa zamani walikuja, mwenye nyumba alikuja, majirani wa barabara ile walikuja. Mwalimu Mkuu akaja mwisho na miwani yake ya mnyororo. Nilitaka nimhudumie mwenyewe. Risiti akasogea karibu, akasoma lebo, akaitikia kwa kichwa kuonyesha ameridhika. Nilikuwa juu sana wakati ule. Nikamshikisha Mwalimu Mkuu glasi, nikafungua chupa.

Haikutoka bia. Lilitoka povu. Halikuruka, halikupiga kelele, lilitoka tu taratibu, jeupe, refu, na halikukatika. Wageni wakacheka kidogo. Nikaziba kwa kidole gumba, na hilo lilikuwa kosa, maana povu likapata njia ya pembeni. Lilianza na miwani ya Mwalimu Mkuu. Likamaliza na shati jeupe la mfano, kisha sketi. Nilipogeuka kuweka chupa mezani nikaitikisa meza. Chupa zilizokuwa juani zikaanza kutema vizibo, moja baada ya nyingine. Watu wakarudi nyuma. Sakafu ikawa utelezi. Risiti alikuja mbio kuniokoa, akateleza, akaenda chini pamoja na viti viwili. Hilo ndilo jambo zuri pekee la siku ya leo.

Kilichobaki kwenye glasi ya Mwalimu Mkuu alikionja, kwa adabu tu. Akafuta midomo. Akauliza kwa sauti ndogo hiki ni nini. Mgeni mmoja akasema ni sabuni. Mama mkwe, kutoka kwenye kiti chake, akamsahihisha kwamba ni sabuni ya waridi.

Hapo ndipo Mwalimu Mkuu alipovua miwani akamgeukia Mama Watoto. Akauliza nani alishughulikia vinywaji. Akasema anauliza kwa sababu kabla ya kumkabidhi mtu sare za watoto wa shule nzima, anapenda kujua mtu huyo akikabidhiwa jambo dogo analifanyaje. Risiti alikuwa bado chini, ananitazama mimi. Nilifungua mdomo. Haki ya Mungu nilifungua. Nilikuwa naanza kueleza kuhusu bei ya chupa.

Mama Watoto akanitangulia. "Vinywaji nilishughulikia mimi, Mwalimu. Nilibana matumizi mahali ambapo sikupaswa. Naomba unisamehe."

Hakunitazama. Mwalimu Mkuu alimwangalia muda, kisha akaniangalia mimi, mikono yangu ikiwa na povu hadi viwiko. Akasema shule nzima hawezi. Ataleta sare za darasa moja tu, la watoto wadogo, ziwe jaribio. Zikitoka vizuri wataongea. Zisipotoka vizuri, Mama Watoto asihangaike kupiga simu. Akaaga, akatoka akipita kwenye sehemu kavu.

Jumapili, tarehe 29 Juni

Nimelitafakari jambo hili kwa utulivu.

Jana nilikuwa nimejiandaa kulaumiwa. Siku zote ni mimi. Bomba likivuja ni mimi, mvua ikinyesha nguo zikiwa nje ni mimi. Lakini jana Mama Watoto alisimama mbele ya watu wote akakiri mwenyewe, bila mtu kumshurutisha, kwamba ni yeye aliyebana matumizi. Na ni kweli. Bahasha ilikuwa nyembamba tangu siku ya kwanza. Angeweka hela ya kutosha ningenunua hata hopsi za kijani. Nimefurahi kwamba ameliona mwenyewe, isingekuwa vizuri mimi kulisema.

Nilimweleza mama mkwe hivyo. Alikuwa anakata vitunguu. Akaweka kisu chini. Akasema mwanawe jana alinisitiri. Nikamuuliza amenisitiri nini wakati amesema ukweli mtupu? Akanitazama, akachukua kisu, akaongeza sauti ya redio.

Mama Watoto hazungumzi nami. Si kwamba amenuna. Anapita tu, kama unavyopita kabati. Asubuhi nilikwenda dukani kumsaidia kupiga deki nikamkuta amekaa sakafuni, lile shati la mfano mapajani, anatazama doa. Halii. Ningependa alie, ningejua la kufanya. Nilisimama mlangoni na ndoo yangu na sikuweza kuingia. Niliona aibu, aibu yenyewe hasa. Nimeiandika hapa ili itoke. Sitaki kuiandika tena.

Nikarudi nyumbani na ndoo.

Jumanne, tarehe 1 Julai

Nimerudisha mashine ya kubania vizibo. Yule bwana aliuliza bia ilitokaje. Nikamwambia hopsi zake zilikuwa mbovu. Akasema alikuwa anazitupa. Nikamwambia ndiyo, na bado akaniuzia. Akachukua mashine yake akairudisha kabatini.

Gunia bado limejaa zaidi ya nusu. Mama mkwe anasema tumtafute mtu wa kuku. Sitaki haraka.

Risiti anachechemea. Amekuja jioni kumwona dada yake, akaniamkia vizuri, hakutaja kreti zake hata kidogo. Hivyo ndivyo anavyokupiga, kwa kutotaja. Walikaa na Mama Watoto dukani muda mrefu wakipima na kuchora vipimo vya sare za lile darasa. Nilipoingia na chai wakanyamaza. Nilipotoka nikasikia wanaendelea. Nimesikia jambo moja: mzigo unatakiwa Jumatatu, na akishindwa huu, msimamizi wa kile kiwanda cha nguo ameshamwambia nafasi yake ya zamani bado ipo, ila kwa mshahara wa mtu anayeanza.

Alhamisi, tarehe 3 Julai

Leo nimefanya jambo la maana, na nimelifanya kimya kimya.

Kitambaa cha buluu cha zile sare kinauzwa kwenye duka moja tu, lile ambalo shule yenyewe inalitumia. Mama Watoto yuko kwenye cherehani tangu alfajiri, anashona mashati, hana hata dakika. Hela ya kitambaa alimpa mama yake. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo. Akanipita, akamwekea mama yake hela mkononi, akamfumbatisha vidole juu yake, pamoja na kipande cha mfano cha rangi.

Lakini mama mkwe ana magoti. Nikajitolea. Akakataa. Akavaa viatu, akashuka ngazi mbili, akasimama, akashika ukuta. Akanitazama kama mtu anayepima maji ya mto kwa fimbo. Mwishowe akanipa hela na kile kipande. Akasema duka lile lile, kitambaa kile kile, mkwe wangu, usiongeze lako. Nikasema nina lipi la kuongeza?

Duka lile ni wizi wa mchana. Niliuliza bei mara mbili. Na nyuma yake, huwezi kuamini, kuna ghala linalomaliza mzigo, na ndani kuna majora ya buluu yamepangwa mpaka darini. Jora zima kwa hela ile ile, wakati dukani ningepata kipande cha darasa moja tu! Akipewa shule nzima baadaye, kitambaa tunacho. Hakuna hata mmoja wao aliyewaza hivyo. Kwa kipimo nimeokoa zaidi ya nusu.

Nimelinganisha na kile kipande. Nje, kwenye jua, buluu ya ghala inaelekea kijani kidogo. Mwenye ghala alisema pia inachuja rangi ikifuliwa mara za kwanza, na nisiiweke karibu na nguo nyeupe. Ni mtu mwaminifu, nimempenda. Lakini nguo za watoto wadogo zinafuliwa kila siku, wiki moja rangi itakuwa imetulia. Nikaingia ndani ya ghala nikalinganisha tena kwenye taa. Sawa kabisa.

Nimefika dukani jua limeshazama. Mama Watoto alikuwa chini ya taa yake ya manjano, macho mekundu kwa kuchoka, mashati meupe ya darasa zima yamekunjwa pembeni yake. Nikaweka jora mezani. Akashangaa ukubwa wake, nikamwambia kulikuwa na ofa. Akapitisha kiganja juu ya kitambaa, akaguna kukubali. Kisha akasema asante. Ni neno la kwanza ananiambia tangu Jumamosi. Nikatoka nje kwa kujifanya natafuta ufagio.

Rangi nitamweleza baadaye, akishamaliza, asije akaingiwa na wasiwasi bure. Nimesimama hapa mlangoni naandika, namsikia na mkasi wake. Ameshaanza kukata.